Meli Kongwe ya Victoria

Ukutani mwa nyumba moja huko Nyamira imetundikwa picha ya meli Victoria, iliyopigwa gatini Kisumu. Mwenye nyumba alikuwa mke mchanga wakati huo. Alishuka kwa basi kutoka vilima vya Kisii, mtoto mgongoni na debe la unga wa wimbi mkononi, akaabiri kumfuata mumewe Mwanza. Usiku ule hakulala. Taa za meli zilimshangaza kuliko ziwa lenyewe.

Meli hiyo iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kisumu na kuanza safari mwaka 1961. Mjukuu, mwanafunzi wa uhandisi, humfafanulia kwamba chuma hudumu zaidi katika maji baridi yasiyo na chumvi. Tena mwaka 2020 ilirejea majini ikiwa na injini mpya, kati ya Mwanza na Bukoba. Nyanya humsikiliza kwa upole. Kwake (na ni vigumu kumpinga) kilichoiharibu meli si kutu. Ni mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, nayo ikabaki Tanzania.

“Sasa inafika Kisumu?”

“La, nyanya.”

“Basi bado haijatengenezwa,” akasema, akaendelea kupepeta wimbi wake.