Mlalamikaji Aliyekabidhiwa Usukani

Mwaka 1986 kijana wa Kiingereza, Chris Chibnall, alitokea katika televisheni ya BBC akiwalaumu waandishi wa Doctor Who, tamthilia ya msafiri wa nyakati iliyoanza mwaka 1963. Alikuwa shabiki, na aliona hadithi ile ingeweza kuandikwa vizuri zaidi.

Tamthilia ilisimama mwaka 1989, ikarejea 2005. Mwaka 2018 Chibnall alishika usukani, na Jodie Whittaker akawa mwanamke wa kwanza kuongoza mfululizo huo katika nafasi ya Doctor. Mwaka 2020 akafunua kwamba Doctor aliwahi kuishi maisha mengi kabla ya yale ya 1963. Mashabiki wakagawanyika. Hawa walilia kwamba msingi umebomolewa. Wale walifurahi kwamba fumbo limerudi. Mlalamikaji wa jana akawa mlalamikiwa.

Wapenzi wa ushairi wanaujua ugomvi huu, tangu mashairi huru yalipobisha hodi penye vina na mizani. Ni rahisi kuwacheka wagombanao kwa jambo la kubuni. Lakini BBC ilizifuta kanda nyingi za miaka ya 1960, na sauti za vipindi vilivyopotea zimesalia kwa sababu watazamaji walizinasa majumbani mwao. Kilichotupwa na mwenye mali kiliokotwa na mwenye mapenzi.

Ndiyo maana mashabiki husema kama warithi. Asiyejali hanasi sauti, wala hagombi.