Maskati kwa Miguu

Akiniuliza mtu mji wa kuanzia safari za peke yake nje ya nchi, humtajia Maskati. Mji mkuu huu wa Omani haushindani urefu na Dubai. Umekaa chini ya milima ya majabali makavu, nyumba zake nyeupe au za rangi ya mchanga, fupi, kwa kuwa kanuni za ujenzi zimeweka mipaka ya kimo na hata ya rangi. Kwa hiyo mgeni huwa na mlima upande mmoja na, mara nyingi, bahari upande wa pili. Si rahisi kupotea. Ila achague majira: nilikwenda Januari, hewa imetulia. Mwezi wa Juni jua la huko hupitisha nyuzi 40, na adhuhuri haitembeleki.

Siku ya kwanza, Alhamisi, nilianzia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Watalii wasio Waislamu huingia saa mbili hadi saa tano asubuhi, isipokuwa Ijumaa, na ni vyema kuwahi, maana mabasi ya watalii hufuatana baadaye. Mwanamke anatakiwa kufunika nywele, mikono na miguu. Mtandio wangu wa Dar es Salaam ulitosha. Marumaru za uwanjani zinang'aa hadi unaona kivuli chako, na pande nne za msikiti zimesimama minara minne, wa tano ukiipita yote kwa urefu wa mita 90.

Lakini kilichonishika ni zulia. Limetandikwa ukumbi mzima wa sala ya wanaume, uzito wake tani 21, na ndani yake mna mafundo yapatayo bilioni 1.7, yaliyofungwa kwa mkono na wanawake wa Iran wapatao 600 kwa muda wa miaka minne. Wageni wengi huinua shingo kutazama taa kubwa inayoning'inia chini ya kuba, na ni haki yao, inapendeza mno. Mimi niliinamia zulia. Nilifuata ua moja la kijani kwa macho, petali kwa petali, nikawawaza wale mafundi: nani alilifunga hili, na je, aliwahi kuja kuliona limetandikwa? Ukiwa peke yako hakuna wa kukuvuta mkono akisema twende, na hiyo ndiyo neema ya safari ya namna hii.

Kutoka hapo nilichukua teksi hadi Maskati ya kale. Kasri ya Al Alam, yenye nguzo za buluu na dhahabu, huitazama kutoka nje ya lango, na askari wa zamu hawakufukuzi. Mbele yake ipo Makumbusho ya Taifa, inayostahili nusu siku nzima. Pande mbili za ghuba ndogo nyuma ya kasri, juu ya majabali, zimekaa ngome za Jalali na Mirani. Wareno walizijenga miaka ya 1580, muda mfupi kabla hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Waomani waliwatoa hapa mwaka 1650, wakawafuata hadi pwani yetu, na mwaka 1698 Mombasa nayo ikawaponyoka. Aliyepanda kuta za Mombasa akizitazama hizi anazitambua mara moja. Na karne moja na zaidi baadaye, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, aliondoka hapa akafanya Unguja makao yake. Alifariki mwaka 1856 akiwa baharini, safarini baina ya nchi zake mbili.

Toka ngome hizo hadi Mutrah ni mwendo wa miguu, na jioni njia hiyo ni raha tupu. Unapita chini ya chetezo kikubwa cheupe kilichojengwa juu ya kilima cha Riyam, kisha ghuba inafunguka: majahazi, meli, nyumba za zamani zenye roshani za mbao, wazee wakipunga upepo.

Soko la Mutrah hufunga mchana na kuchangamka baada ya Alasiri. Ubani wa Dhofar unafukizwa kila kona, wa bei ya juu mweupe wenye kukaribia ukijani. Kuna majambia ya fedha, halua inayouzwa ingali moto, na kofia zilizodariziwa kwa mkono ambazo mtu wa Unguja angeweza kudai zimetoka mtaani kwao.

Nilikuwa nikizungumza na mama yangu kwa simu mbele ya duka la kofia hizo. Nilipokata, mzee aliyeketi mlangoni akasema, "Karibu, mwanangu. Mwenyeji wa wapi?"

"Shikamoo, babu. Natoka Dar es Salaam, lakini mama yangu wa Unguja, Mkunazini."

"Marahaba. Mimi nimezaliwa Malindi, hatua chache tu na kwenu. Kaa unywe kahawa."

Kiswahili chake ni cha mjini Unguja, laini, chenye maneno ambayo nilikuwa nikiyasikia kwa bibi pekee. Familia nyingi za Kiomani ziliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi wakaja Omani baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita watu wake walio ng'ambo warudi kujenga nchi. Mzee aliniuliza habari za Forodhani, za bei ya karafuu, na kama mikate ya ajemi bado inaokwa alfajiri. Nilimjibu nilivyojua, huku akinijazia kikombe kile kidogo cha kahawa ya iliki na kunisogezea tende.

Aliniuliza na mipango yangu. Nilipomwambia kesho nitapumzika, alitikisa kichwa. "Kesho Ijumaa, siku ya mnada wa mbuzi katika mji wa Nizwa. Wauzaji huwazungusha mbuzi katikati ya watu, na ukichelewa umeukosa. Ondoka saa kumi na moja alfajiri."

Akamwita kijana wa jirani anayemjua dereva mwaminifu. Tulipatana nauli palepale, mzee akinitetea hadi ikashuka, kisha nikaenda kutafuta mishikaki.