Madumu Matano ya Lupaso

Basi liliondoka Dar es Salaam alfajiri, mwezi wa Oktoba, nami nikielekea kijiji cha Lupaso, Masasi, kwa mara ya kwanza. Chini ya kiti nilibana mzigo wangu wa Kariakoo: mpira wa mita 50, koki, na vinyunyizio vinne vya kuzunguka. Mfukoni nilikuwa na ramani niliyoichora mwenyewe. Mbele ya nyumba ya mama mkubwa, uwanja wa ukoka. Nyuma yake, bustani ya mboga.

Tulivuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu wa Kusini walisubiri kivuko. Limebeba jina la mwana wa Lupaso, Benjamin Mkapa, aliyezaliwa huko mwaka 1938 na kuzikwa huko Julai 2020. Nilipoyaona maji yale mapana, nikajipa moyo kwamba niendako hakuna shida ya maji.

Mnazi Mmoja tukaingia barabara ya Masasi. Tulipokaribia Ndanda, mkono wa kushoto ukajitokeza ukuta wa uwanda wa juu wa Makonde. Mzee wa Newala niliyekaa naye alinionyesha kwa kidole. Kule juu, alisema, mchanga hunywa mvua yote, kisha maji hutokeza huku chini kwenye chemchemi. Ndiyo maana Ndanda, walipoanzisha misheni Wabenediktini mwaka 1906, kuna maji, ilhali akina mama wa juu walishuka bondeni na kupanda mlima na mitungi kichwani. Mitambo ya kuyasukuma maji kutoka bondeni ilianza miaka ya 1950 tu. "Kwetu maji hayatiririki," alisema. "Hubebwa."

Nililala Masasi, miamba mikubwa ikiuzunguka mji. Asubuhi bodaboda ikanipeleka Lupaso kupitia mikorosho, harufu ya mabibo ikitufuata njia nzima.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hayo mabomba ya nini?"

Nikamfungulia ramani. Aliitazama, akautazama uwanja wake aliokwisha kuufagia. "Ukoka? Sisi tunafyeka nyasi nyoka wasijifiche, wewe unataka kuzinywesha?"

Ukoka ukafa hapo hapo. Zikabaki mboga, nami nikaunganisha kinyunyizio kwenye simtanki lake la lita 1,000, lililokaa juu ya matofali, kimo cha mita moja hivi. Nikafungua koki. Kinyunyizio kikatema mate, kikanyamaza. Watoto wa jirani wakacheka.

Kosa lilikuwa la hesabu. Maji yakiinuliwa mita 10 hupata msukumo wa baa 1. Yakiinuliwa mita 1 hupata sehemu ya kumi tu ya huo, na kwa msukumo huo mdogo kinyunyizio hakizunguki. Mama mkubwa akauliza swali ambalo ilinipasa kujiuliza Dar: "Bustani yako itakunywa madumu mangapi kwa siku?"

Tukakaa chini ya mwembe tukahesabu. Matuta matatu, kila moja mita 1 kwa 6, ni mita za mraba 18. Wakati wa kiangazi, mboga zilizokomaa tuliziwekea lita 5 kwa kila mita ya mraba. Jumla lita 90, yaani madumu matano ya lita 20, na la mwisho halijai. Tanki likijaa, siku kumi na moja. Mvua za Desemba zilikuwa mbali.

Nikarudi Masasi kununua mipira ya matone, ambayo huridhika na msukumo mdogo. Kila tuta tulilitandikia mistari miwili, vitundu vikiachana sentimita 30. Kwenye koki tukafunga chujio, kwa maana punje moja ya mchanga huziba kitundu. Ncha za mipira tulizikunja na kuzifunga, ili kila wiki zifunguliwe na mipira isafishwe. Juu ya matuta tukatandaza majani makavu kuzuia jua. Mpapai tukauachia maji ya kuoshea vyombo.

Jioni tukafungua koki. Matone yakaanza kudondoka kwenye mchicha na bamia, taratibu, bila kelele. Safari hii watoto hawakucheka. Hapakuwa na cha kutazama.

Vinyunyizio vinne nilirudi navyo Dar. Nawe unayepanga bustani yako, usianze dukani. Hesabu madumu uliyonayo, pima kimo cha tanki lako, ndipo ununue mpira.