Wiki ya Mwisho Dar es Salaam

Mwanzo wa safari ndefu ni mtamu. Watoto wanaimba, kikapu cha chakula kimejaa na fedha bado zipo. Mwisho wake ndio unaohitaji akili. Miili imechoka, nguo safi zimekwisha, mkoba umekuwa mwepesi, na mara nyingi hapo ndipo familia inapoingia katika jiji kubwa lenye vishawishi vya kila namna. Akina mama wenzangu, wiki hiyo ya mwisho inaweza kuipamba safari nzima au kuiharibu.

Desemba 2022 sisi watu watano tulitoka Iringa kwenda Ujiji kuwasalimu wazazi wa mume wangu. Tulikaa huko majuma mawili. Babu yao aliwapeleka watoto kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Kisha tukapanda treni Kigoma. Reli ya Kati ilifika mji huo mwaka 1914, na kutoka pale hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Wapagazi wa misafara ya zamani walitembea kwa miezi kutoka ziwani hadi pwani; sisi tulitumia karibu siku mbili, tukipitia Tabora, Dodoma na Morogoro. Treni ya umeme kati ya Dodoma na Dar es Salaam ilianza baadaye, mwaka 2024.

Baba watoto alitaka tushukie Dodoma turudi nyumbani, kwa kuogopa gharama za jiji. Mimi niliomba tufike Dar, na nilikuwa na sababu. Binti yetu wa kwanza alikuwa amemaliza darasa la saba, na Januari angeingia shule ya bweni. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kuwa pamoja bila kazi za shamba wala za nyumba. Tukakubaliana kwa sharti moja: fedha za godoro, sanduku na sare zake zikae katika bahasha, na bahasha hiyo isifunguliwe Dar.

Ugeni wenye adabu

Tulifikia Kimara kwa wifi yangu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kuwalaza watu watano kwa siku saba si jambo dogo, hasa katika jiji ambalo sensa ya mwaka ule ilihesabu watu zaidi ya milioni 5. Huko maji, mkaa na hata mchicha hununuliwa. Tulimletea mafuta ya mawese na dagaa wa Kigoma, na jioni ya kwanza nikampa fedha kidogo ya sokoni. Alikataa.

"Wifi, unaniaibisha. Wageni wangu wajilishe wenyewe?"

Mume wangu akamwambia, "Pokea, dada. Ukikataa, kesho tunapanda basi."

Akacheka, akapokea. Tangu siku ile binti zangu walideki na kuosha vyombo, nami nilishika jiko kila jioni. Hatukuonana wazito hata siku moja.

Jambo moja kwa siku

Siku ya kwanza tulifua na kulala. Usione ni kupoteza siku. Mtoto aliyechoka hafurahii hata ukimwonyesha bahari. Siku zilizofuata tulichagua jambo moja tu kwa siku, tukitumia mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni.

Kutoka Kivukoni mengi yanafikika kwa miguu. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, yana habari za fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959. Kijana wetu alivutiwa zaidi na magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere. Siku nyingine tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, ambako zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali, na watoto wakaona namna mababu walivyojenga bila saruji. Jumapili tulisali Azania Front, kanisa lililoanza kujengwa wakati wa Wajerumani mwaka 1898, mbele ya bandari.

Kariakoo tulikwenda mara moja tu, asubuhi, tukiwa na orodha. Jina hilo latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps, cha Vita Kuu ya Kwanza. Jengo la soko lilikuwa limeungua Julai 2021, lakini mitaa yake ilifurika bidhaa. Hapo ndipo fedha za safari huyeyuka, kwa kuwa kila jirani na shemeji ameagiza kitu. Tuliamua kuwapelekea wazee wawili tu zawadi za kununua. Wengine wangegawana dagaa wa Kigoma.

Swali la pantoni

Siku ya tano tulivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Daraja lipo tangu mwaka 2016, lakini watoto walitaka maji. Tuliporudi, wadogo wakiwa na baba yao wanatazama meli, binti yangu alisogea akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nikiumwa usiku shuleni, nitamwambia nani?"

Nikajua amelibeba swali hilo siku nyingi. Nyumbani, kati ya moshi wa jikoni na kelele za wadogo zake, huenda asingelitoa. Tuliposhuka tuliketi karibu na soko la samaki tukazungumza hata jua likapungua: juu ya matroni, juu ya kuandika barua, hata juu ya mambo ya mwili wa msichana ambayo nilikuwa nikiyaahirisha. Kwangu, mazungumzo yale yalilipa nauli yote.

Basi, mama, ukipanga kumalizia safari mjini, tenga kwanza fedha za mambo ya lazima ya nyumbani, pamoja na nauli ya kurudi. Mwenyeji wako mwambie mapema siku ya kufika na ya kuondoka. Punguza maagizo ya watu. Pia usiijaze kila saa matembezi. Mtoto ana maneno yake, naye huyatoa akiona mama ana nafasi ya kuyasikia.