Panya Hawana Rangi Yangu

Mshike panya mweusi wa maabara, umnyoe mgongo wakati manyoya yake yamepumzika kuota, na utashangaa: ngozi ni ya waridi. Weusi wote ulikuwa kwenye manyoya. Melanini, ile rangi iliyonipa mimi weusi wangu toka utosini hadi unyayoni, kwa panya hutengenezwa zaidi kwenye vishina vya nywele. Ngozi yenyewe, pale mgongoni na tumboni, haina.

Jambo hili lilinikaa kichwani kwa sababu ya kazi. Kwa miezi minne nililipwa kuchora maduara juu ya picha za hadubini. Kama unaishi Nairobi na umewahi kutafuta kazi za mtandaoni, unaijua hii: unafungua laptopu asubuhi, unaomba stima isipotee, unalipwa kwa picha. Wenzangu huwekea alama magari na taa za barabarani. Mimi niliangukia masikio ya panya.

Masikio hayo yalikuwa yamepakwa kalsipotrioli, dawa ambayo binadamu mwenye soriasisi hupaka apate nafuu. Panya akipakwa hiyo dawa siku kadhaa mfululizo, sikio linavimba, linakuwa jekundu, linawasha. Anapata ugonjwa unaofanana sana na ukurutu wa mzio, ule ambao shangazi yangu huuita pumu ya ngozi. Kisha sikio hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi na kutiwa rangi iitwayo toluidini bluu. Karibu kila kitu hugeuka buluu, ila seli za masti, zile zinazobeba histamini, huonekana zimejaa chembe za zambarau. Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, akiwa mwanafunzi wa miaka 24 huko Ujerumani. Alidhani zimelishwa kupita kiasi, ndiyo maana jina lake limetokana na neno la Kijerumani la kunenepesha mifugo.

Nilizungushia kila zambarau duara. Picha baada ya picha, duara baada ya duara.

Sasa, mimi mwenyewe nina ukurutu. Tangu chekechea. Kwenye kunjo la viwiko, nyuma ya magoti, shingoni msimu wa baridi. Mwenzangu wa nyumba alikuwa akipita nyuma ya kiti changu anacheka: "Dada, kati yako na hao panya, nani anajikuna zaidi?" Nilikuwa nacheka pia. Mkono mmoja kwenye kipanya cha kompyuta, mwingine kwenye kiwiko.

Maduara yangu yalikuwa chakula cha mashine. Mashine haizaliwi na macho, huonyeshwa. Mtu anaiambia hii ni seli, hii si seli, mpaka inaanza kukisia yenyewe, na kila ikikosea inarekebishwa. Wala haihitaji picha nyingi kama unavyodhani. Mwaka 2015, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Freiburg walitangaza mtandao wa neva waliouita U-Net, uliojifunza kuchora mipaka ya seli kwa picha 30 tu zilizowekewa alama. Ujanja ni kwamba picha zile chache huzungushwa, hupinduliwa, huvutwa kama unga wa chapati, ili mashine ione sura nyingi za kitu kilekile.

Lakini hata ukiivuta picha ya panya mara elfu, melanini haitatokea.

Hapo ndipo nilipoanza kuwazia zahanati za utotoni mwangu. Mama alinipeleka kwa daktari mmoja baada ya mwingine. Mmoja alinishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akasema, "Mama, mbona sioni wekundu?" Tukarudi nyumbani na ushauri wa kubadilisha sabuni. Wekundu usingeonekana. Kwenye ngozi nyeusi ukurutu huja na rangi ya kijivu, au zambarau iliyokolea, au weusi juu ya weusi. Simlaumu sana yule daktari. Naye alionyeshwa picha fulani shuleni, akaambiwa huu ndio ukurutu, na ngozi iliyokuwa pichani haikuwa yangu.

Chini ya hadubini mambo ni magumu zaidi. Ukurutu wangu ukipoa huacha madoa meusi yanayodumu miezi. Ni melanini iliyodondoka tabaka la chini, ikamezwa na seli za usafi. Ukitazama kipande cha ngozi kama hiyo utaona vidoa vya hudhurungi. Na kuna rangi maarufu sana ya maabara, inayotumika kutia alama seli fulani, ambayo nayo ni ya hudhurungi. Mtaalamu mzoefu anajua kutofautisha. Mashine iliyolelewa na panya wa waridi inaweza kuhesabu weusi wangu kama ugonjwa.

Usinielewe vibaya, sina vita na panya. Dupilumabu, dawa ya sindano iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ukurutu sugu, ilipatikana kwa msaada wa panya waliopandikizwa jeni za kinga za binadamu. Bei yake bado ni ndoto kwa mfuko wangu, lakini ipo. Ninachosema ni kwamba mtu akija kutazama huku, huona vingine. Mwaka 2006, watafiti waligundua kwamba Wazungu wengi wenye ukurutu wana hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuifanya ngozi iwe ukuta. Mwaka 2011, uchunguzi wa wagonjwa wa Ethiopia haukukuta hitilafu hizo zilizozoeleka Ulaya. Ulikuta moja tu, mpya. Ukurutu uleule, njia nyingine.

Na si kwamba huku hatuwezi. Makerere, pale Kampala, watafiti walifunga simu kwenye hadubini, wakakusanya picha za damu na makohozi, na kuifundisha mashine kutambua malaria na kifua kikuu. Mwaka 2016 walichapisha matokeo. Picha zao, wagonjwa wao.

Wiki ya mwisho ya mkataba niliuliza kwenye kikundi chetu cha kazi: baada ya panya, tutapewa ngozi ya watu? Watu gani? Msimamizi alinijibu kwa emoji ya kidole gumba. Kesho yake mradi ukafungwa, pesa zikaingia M-Pesa, ikawa basi.

Kisu cha duara wanachotumia kuchukua kipande cha ngozi mara nyingi huwa cha milimita 4. Ganzi kidogo, uzi mmoja au miwili, unaenda nyumbani. Yeyote anayekusanya, na atakayeniambia picha zinaenda wapi, kiwiko changu cha kushoto kina doa zuri sana.