Mlango wa Pili

Mtu atokaye hospitali ya maradhi ya akili baada ya miaka mingi hana budi kupita milango miwili. Wa kwanza hufunguliwa na daktari. Wa pili hufunguliwa na jamaa na majirani. Wengi huupita wa kwanza wakakwama penye wa pili, kisha wakahesabiwa kuwa hawakupona.

Ndugu ya mama yangu alilazwa miaka 14. Siku aliporudi, nyumba yetu ilijaa wageni. Walimsalimu kwa adabu, walakini maswali yao yote walimwuliza mama: Anakula? Analala? Hafanyi fujo? Mwenyewe alikuwa ameketi mkekani, akisikia kila neno. Ugonjwa ulikuwa umetulia, lakini jina la ugonjwa lilikuwa halijaondoka. Mtu aliyeugua malaria mwaka jana haitwi mgonjwa mwaka huu. Aliyeugua akili huitwa kichaa hata na watoto waliozaliwa baada ya kupona kwake.

Yeye naye alirudi na mazoea ya wodi. Mtu aliyeamshwa, akalishwa na kuogeshwa kwa saa za wengine hupungukiwa na uwezo wa kuchagua. Kwa miezi mingi mjomba aliomba ruhusa ya kutoka uani. Hiyo haikuwa dalili ya maradhi. Ilikuwa kovu la matunzo.

Mambo matatu yalimfaa. Kwanza, mama alikataa kumsemea. Kila aliyemwuliza habari za nduguye alijibiwa, "Muulize mwenyewe." Pili, seremala wa mtaani alimpa kazi ya kupiga msasa, akamlipa kila Jumamosi ujira sawa na wa vijana wengine. Tatu, jirani mmoja alikubali kufuatana naye kliniki, akajifunza dalili za awali: kukosa usingizi, kukataa chakula, kujitenga na watu. Dawa ikiachwa kwa sababu mtu amejiona mzima, maradhi mara nyingi hurejea. Na daktari aliye mbali hawezi kuuona usiku wa kwanza usio na usingizi. Jirani huuona.

Hekima hii si ngeni Afrika. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa katika vijiji jirani na hospitali, pamoja na jamaa zao; mchana walitibiwa, jioni wakawa watu wa kijijini. Katika mji wa Geel, Ubelgiji, familia zimewapokea wagonjwa majumbani mwao tangu Zama za Kati. Mwaka 1938 walikuwa zaidi ya 3,700.

Marekani ilitoa funzo la upande wa pili. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Idadi hiyo ilipunguzwa mno, na sheria ya mwaka 1963 ikaahidi vituo vya matunzo mitaani, lakini vingi havikujengwa. Baadhi ya waliotolewa waliishia barabarani na gerezani. Kufungua hospitali pasipo kufungua nyumba si uhuru. Ni kumhamisha mtu kutoka upweke wenye paa hadi upweke usio na paa.

Haki yataka isemwe pia kwamba jamaa huchoka. Mama alichoka. Mapenzi hayanunui dawa wala hayalipi nauli ya kliniki. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi huona wepesi kumsifu mwanamke aubebaye peke yake. Serikali ina fungu lake la dawa na wauguzi. Mtaa una fungu lake la kazi na heshima.

Mjomba hakurudi kuwa alivyokuwa kabla ya kuugua, wala hapana mtu abakiye vilevile baada ya miaka 14, popote alipokuwa. Anatumia dawa, anafanya kazi, na ana deni dukani. Deni hilo naliona kuwa cheti bora kuliko kile alichopewa hospitali, maana hapana mwenye duka amkopeshaye mtu asiyemhesabu kuwa mtu.