Nguzo Tatu na Jani la Mlimani

Miongoni mwa dua alizokithirisha kuziomba Mtume wetu (S.A.W.) ni ile ya kujikinga kwa Allah na majonzi na huzuni, na unyonge na uvivu. Tumeitafakari sana dua hii, kwa kuwa imeitaja huzuni pamoja na uvivu. Sisi majumbani tumezoea kuvitenganisha: mwenye huzuni tunamwonea huruma, na mvivu tunamkaripia. Kumbe mara nyingi wawili hao ni mtu mmoja.

Katika ukoo wetu hapa Mombasa, mtu huyo ni kijana wa ndugu yetu. Alimaliza chuo, kazi asipate, na taratibu moyo wake ukazimika. Akishika kitabu, ukurasa haumalizi. Akitumwa, anasahau alikokwenda. Kisha akaipata dawa yake barazani: muguka. Kwa saa chache macho yanakodoka, ulimi unafunguka, mipango ya biashara inamiminika. Vijana huiita hali hiyo handasi. Alfajiri humkuta macho, adhuhuri humkuta amelala, na jioni huzuni huwa ni ile ile, imeongezeka.

Jani hilo halioti kwetu. Muguka hutoka Embu, hasa nchi kavu ya Mbeere, na ndugu yake miraa hutoka Meru, katika vilima vya Nyambene, pande za Igembe na Maua. Tulipoalikwa harusi ya jamaa zetu Waislamu mjini Meru, tulifika huko tukiwa na hasira, nasi tukarudi na fikira nyingine. Tuliwakuta akina mama kama sisi. Mmoja alitueleza kwamba wanawe wote wamesomeshwa na miti ile. Akatuambia pia kwamba zamani miraa ilikuwa ya wazee na ya shughuli za heshima, kama posa, na kijana hakuruhusiwa kuitafuna apendavyo. Kule Mbeere mahindi hukauka mvua ikikosekana, lakini muguka hustahimili. Hatukuweza kumlaani mtu kwa kupanda kinachoota.

Huko ndiko tulikofahamu pia sababu ya magari yale kukimbia usiku kucha. Ndani ya jani mna kemikali iitwayo kathinoni, iliyo jamaa moja na amfetamini. Huchangamsha ubongo, hufukuza njaa na usingizi, lakini hupungua upesi baada ya jani kuchumwa, na kwa siku mbili hivi nguvu yake imekwisha. Basi jani hukimbizwa kutoka mlimani hadi pwani kabla halijafifia.

Tuliporejea tulimweleza habari hii bibi mmoja wa Kihindi, jirani yetu wa miaka mingi, aliyelelewa katika tiba ya Ayurveda. Alisikiliza, kisha akatueleza kwamba wakale wao waliigawa hali ya akili katika mafungu matatu. Tamasi ni uzito na giza. Rajasi ni mwendo na mchafuko. Satwa ni uwazi na utulivu. Tukipima kwa mizani hiyo, jani humtoa kijana katika uzito na kumtia katika mchafuko, na yeye hudhani amefika kwenye uwazi. Mchafuko ukiisha, huanguka alikotoka.

Huenda msomaji akauliza: sisi Waislamu tuna nini na elimu ya Wahindu? Itikadi yao si yetu, lakini tiba ni jambo jingine. Zama za Bani Abbasi, vitabu vya waganga wa India vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, na tabibu Ali ibn Rabban al-Tabari, katika kitabu chake Firdaws al-Hikma cha mwaka 850 hivi, aliweka sehemu nzima ya tiba ya Kihindi. Waliotutangulia walichukua lenye manufaa wakaacha lisilowafaa.

Lililotunufaisha sisi ni fundisho moja la kitabu cha kale cha Charaka: kwamba mwili husimama juu ya nguzo tatu, nazo ni chakula, usingizi, na kiasi katika matamanio. Tuliposikia hivyo tulitazamana. Jani linaondoa njaa, linaondoa usingizi, na wake wengi wa pwani wanajua, ingawa hawasemi, linavyovuruga unyumba. Ni jani moja, na nguzo tatu zote zinatikisika! Tukaona kwamba kumnyang'anya kijana kifurushi mfukoni hakutoshi, iwapo nguzo zake zimelala chini.

Tukaanza kuzisimamisha moja moja. Ayurveda humtaka mtu aamke kabla ya jua kuchomoza, nasi tayari tuna Alfajiri. Kwa hiyo mjomba wake alimpitia kila siku waende msikitini, na warudi kwa miguu pwanipwani. Asubuhi tulimpa uji wa shayiri wenye maziwa na asali, yaani talbina, ambayo Bibi Aisha (R.A.) aliwapa wagonjwa na wafiwa, akipokea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba huliwaza moyo. Mlo mkubwa ukawa wa mchana, wakati ambao Ayurveda husema moto wa tumbo una nguvu, na wa usiku ukawa mwepesi. Baada ya Isha, maziwa moto yenye iliki, na mama yake akamkanda nyayo na utosi kwa mafuta ya ufuta, yale ambayo bibi zetu huyaita uto. Simu ikalala chumba kingine. Tukampa pia kazi ndogo ya kila siku, yenye mwanzo na mwisho, ili akili ijifunze tena kumaliza jambo.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Alilala mno, akawa mkali, na mara mbili alirudi barazani. Leo hatusemi amepona. Tunasema analala usiku, anakula nasi sahani moja, na juzi alisoma juzuu nzima bila kunyanyuka.

Tunawahadharisha wenzetu jambo moja. Maduka yanauza vidonge na unga wa mitishamba ya Ayurveda, kama ashwagandha, kwa ahadi kubwa. Baadhi ya dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa na risasi na zebaki, na ashwagandha haimfai mjamzito, wala mwenye maradhi ya ini au ya tezi la shingo. Msimpe mtu bila kumuuliza daktari. Na huzuni ikizidi wiki mbili, au mtu akianza kutamani kufa, msingoje uji wala mafuta. Mpelekeni hospitali, Port Reitz hapa Mombasa ina kitengo cha maradhi ya akili. Kumpeleka huko si aibu wala si upungufu wa imani.

Mwezi Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, Rais akasema marufuku hayo ni batili, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha. Wakubwa wataendelea kuvutana, kila mmoja na watu wake wa kuwatetea. Lakini nguzo tatu zimo mikononi mwetu, jikoni na vyumbani mwetu. Mama anayemwona mwanawe amelala hadi adhuhuri, kabla ya kumwita mvivu, na amuulize kwa upole: mwanangu, nini kinakuhuzunisha? Kisha amngoje ajibu.

Wallahu a'lam.